Mwana wa Hawa

Thoya wa Ukunda aliingia na viatu vyake mpaka ukumbini, akaukanyaga mkeka.

Mwanaima aliona, akanyamaza. Mgeni hukumbushwa viatu angali mlangoni; akishakanyaga, aibu si yake tena, ni ya mwenye nyumba. Akamtazama ami yake Hashim, aliyemleta mgeni, naye Hashim akageuza uso kutazama ukuta kana kwamba ndiyo kwanza auone.

"Huyu ndiye nyanya mwenyewe?" Thoya akauliza, kisha akapaza sauti kama mtu anayeita mvushaji wa ng'ambo. "Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, baba," akajibu Bi Bimkubwa kutoka kwenye kitanda cha kamba. "Mzee ni mimi. Kiziwi ni jirani."

Swabir, kaka yake Mwanaima, akacheka peke yake. Thoya hakucheka. Alikuwa na duka la saiba, la kompyuta za intaneti, pale Ukunda, anapiga chapa makaratasi ya watu na kuwatafutia pasipoti, na siku hizo maneno yake katika nyumba ile ya Bodo yalikuwa na uzito kuliko ya imamu. Akatoa simu.

"Sasa maneno ni haya. Sheria ya Ayalandi haina shida. Babu akiwa amezaliwa kule, mjukuu ana haki ya kuwa mtu wao. Swabir anapata, na huyu dada anapata. Lakini wanataka cheti cha kuzaliwa cha babu. Na mimi siwezi kutafuta cheti cha Abdalla bin Abdalla. Hilo ni jina la kusilimu. Nataka lile alilozaliwa nalo."

"Tulikupa jina la mama yake," akasema Hashim.

"Mlinipa Hawa. Nikaandika Hawa, nikaandika na Eva, maana wenyewe husema Eva. Jamaa yangu wa kule kahangaika na huyo Eva hata wakamfukuza ofisini. Mzee, Eva ni wengi kama kunguru. Leteni jina la mtu."

Huyo Hawa, watu wa nyumba ile walimjua tangu utotoni. Kila mwaka khitma ya babu ikisomwa, Mwalimu Abdurahman hulitaja jina la marehemu pamoja na la mama yake, ndivyo desturi ilivyo: Abdalla mwana wa Hawa. Na kwa kuwa Hawa ni jina la wanawake wengi huku, Mwanaima alikuwa amejitengenezea bibi yake mkuu akilini, mwanamke mweupe pepepe aliyejifunga leso, ameinama kisimani na nywele zake nyekundu zinaingia ndooni. Alimpenda mwanamke yule. Hakuwahi kujiuliza Mzungu wa kule amelipata wapi jina la Hawa.

"Hebu dada, sogea mwangani," Thoya akasema.

Mwanaima akasogea. Thoya akamshika kidevu bila kuomba ruhusa, akamgeuza huku, akamgeuza kule, akapiga picha madoadoa yaliyotapakaa puani na mashavuni mwake. Akamwambia avute mtandio nyuma ili nywele zionekane wekundu wake. Mwanaima akasimama kama mbuzi wa soko la Kombani anayeangaliwa meno. Ami yake alikuwa pale. Kaka yake alikuwa pale. Aliyesema ni bibi peke yake.

"Mkono wako huo, baba, umekwisha kuona. Uteremshe."

Thoya akauteremsha, akamgeukia. "Bibi, tusaidie basi. Mumeo aliitwa nani?"

"Baba Hashim."

"Kabla Hashim hajazaliwa?"

"Kabla Hashim hajazaliwa sikuwa na haja ya kumwita. Alikuwa yuko hapo hapo."

Hakuna aliyeshangaa isipokuwa Thoya. Wanawake wa umri wa Bi Bimkubwa hawamtaji mume kwa jina, awe hai awe maiti. Hata siku ile alipopelekwa kuandikishwa pesa za wazee, karani alipouliza jina la mume, bibi alimpiga Mwanaima kiwiko: "Mwambie wewe." Karani akacheka, foleni nzima ikacheka, na Mwanaima ndiye aliyelisema. Abdalla. Hilo walilijua wote. Lile jingine, ilisadikiwa nyumbani mle, bibi alikuwa nalo kifuani, kalifungia kwa heshima kama mtu anavyofungia sanda yake sandukuni.

*

Swabir alikuwa nje akikaza mnyororo wa pikipiki yake, lakini mikono haikutulia. Aliukaza, akaulegeza, akaukaza tena.

"Wewe ndiye ambaye bibi humwambia mambo," akamwambia Mwanaima. "Mimi ananiita mume wangu, ananitania, basi. Wewe unamwogesha, unampaka mafuta. Muulize."

"Unadhani sijamuuliza?"

"Hujamuuliza kwa nguvu."

"Bibi haulizwi kwa nguvu, kaka."

Swabir akaitupa spana mchangani. "Sikiliza. Mimi hapa Bodo naitwa Mzungu. Mzungu, lete samaki; Mzungu, nipeleke Msambweni; Mzungu, baba zako wamekusahau huku. Nikifika Diani ufuoni, askari wa hoteli ananifukuza na fimbo kama wenzangu. Huo uzungu wangu uko wapi? Nimewasemesha watalii jambo, jambo, mpaka ulimi umeota sugu. Mtu mmoja kaja kutoka kwao akakaa kwetu maisha yake yote, hakuna aliyemdai kitu. Mimi nataka kwenda kwao mara moja tu."

Babu yao aliletwa kufunga mitambo ya kiwanda cha sukari. Wenzake kazi ilipokwisha walirudi. Yeye alibaki, akawa fundi wa injini za mashua. Hayo yalijulikana. Mengine kila mtu alikuwa na yake. Ami Hashim alisema alikuwa mhandisi mkubwa, ametumwa na serikali. Majirani walisema ametoroka jela. Wazee wa msikitini walisimulia kuwa siku aliyoingia kuswali mara ya kwanza, kwa ndevu zake nyekundu, mmoja wao alimwinamia akamuuliza hina nzuri kama ile ameinunua duka gani. Akiitwa Mwingereza alikasirika hata akaacha chakula. Na kila masika alipanda mbatata, viazi vya kwao, kwenye mchanga ule nyuma ya nyumba, zikaoza, na masika yanayofuata akapanda tena. Mpaka leo pale nyuma paliitwa Mbatatani, na hapajawahi kuota kitu.

"Na wewe usijifanye," Swabir akaendelea kwa sauti ya chini. "Nilikuona ulivyoitazama ile picha."

Ni kweli aliitazama. Thoya aliwaonyesha kwenye simu mlima wa kijani, ukuta wa mawe yaliyopangwa bila udongo, na hapana mtu hata mmoja. Tangu siku ile Mwanaima hakutulia. Alikuwa akipepeta mchele mara anajikuta amesimama na ungo mkononi, hajui anakwenda wapi. Alimaliza darasa la nane na alama nzuri. Shule ya upili ikapita mlangoni kama harusi ya watu. Baba yao, Chirau, alikuwa amekwisha kufa, mama yao ameolewa Vanga, na bibi alihitaji mtu wa kumshika mkono kwenda msalani. Alikuwa amemfuata Thoya mpaka njiani, akamuuliza kwa haya kama huko kwao wanamkubali mtu aliyeishia darasa la nane.

"Ondoa wasiwasi, dada," Thoya alimjibu. "Hata kule nguo huchafuka."

*

Hashim alirudi Jumatano, peke yake, uso umemvimba kwa hasira. Alikuwa amempa Thoya mbuzi wake wawili kuwa malipo ya kwanza, na Thoya amemwambia mbuzi wamekwisha kuliwa, kazi bado.

Hakuketi. "Mama, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Baba yetu aliitwa nani kwao?"

Bi Bimkubwa alikuwa anasaga tambuu kwenye kinu chake kidogo. Akaendelea kusaga.

"Unawazibia wajukuu riziki. Unajua?"

Kinu kikagonga, tok, tok.

"Haya," akasema Hashim. "Ijumaa baada ya sala namleta Mwalimu Abdurahman na ubani. Tutasoma Halbadiri. Mwenye kulificha jina la baba yangu na limfure tumbo."

Mwanaima alidondosha kata ndani ya mtungi. Halbadiri si kisomo cha mchezo. Husomewa mwizi aliyekana, mchawi, mla amana za mayatima. Na watu wa huku wamewaona waliopatwa, au wanawajua waliowaona. Mtu hutajiwa tu Halbadiri akarudisha kuku wa jirani kabla ubani haujawashwa.

"Ami! Ni mama yako!"

"Nimemtaja mama? Nimesema mwenye kuficha. Asiyeficha ana hofu gani?"

Akatoka. Swabir, aliyekuwa amesimama mlangoni, akampisha. Mwanaima alimngojea kaka yake aseme neno, hata moja. Swabir akakuna shingo, akasema, "Labda akiogopa atasema," naye akatoka.

Kinu kilikuwa kimenyamaza.

*

Siku ya pili, baada ya alasiri, Mwanaima alimketisha bibi yake uani penye kivuli, akamnyoosha miguu, akaanza kuipaka mafuta ya nazi. Miguu ilikuwa mikavu, myepesi kama kuni za mkoko zilizokaa juani. Bibi hakuwa amekula tangu jana. Alichezea pindo la leso, akalikunja, akalikunjua.

"Mke mwenzangu," akaanza. Ndivyo alivyomwita kwa utani, kwa kuwa mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. "Hivi Halbadiri humpata mtu asiyekuwa na kitu?"

"Asiyekuwa na kitu vipi, bibi?"

"Anayedhaniwa ameficha. Naye mkononi hana."

Mwanaima akaacha kupaka. Kuku alipita baina yao, akadonoa punje, akaenda zake. Hakuuliza. Alikuwa amejifunza kwamba bibi ukimuuliza hufunga, ukinyamaza hufungua mwenyewe.

"Siku ya nikahi mimi nilikuwa chumba cha nyuma," Bi Bimkubwa akasema. "Nilisikia ukutani: Abdalla. Nikasema haya, ni Abdalla. Akaja, tukakaa. Wazungu wenziwe walikuwa na jina lao la kumwitia huko kiwandani, lakini mimi kiwandani nilikwenda kufanya nini? Halafu kiwanda akakiacha, na hao wenzake wakaondoka, jina wakaondoka nalo."

"Hukumuuliza?"

"Mume huulizwa jina? Na ningeliuliza nilifanyie nini, mwanangu, hali kulitaja siwezi? Mtu hanunui sufuria asiyoruhusiwa kupikia." Akacheka kidogo, kisha cheko likamkatikia. "Nilijua goti linalomuuma mvua ikikaribia. Nilijua hapendi papai. Nilijua akinyamaza kwa hasira na akinyamaza kwa huzuni, maana kunyamaza kwake kulikuwa kwa namna mbili. Nilimjua, Mwanaima. Nilimjua sana. Jina tu."

"Lakini mama yake, bibi. Hawa ulimjua."

Bi Bimkubwa akamtazama mjukuu wake kwa muda, kama mtu anayepima kina kabla ya kutia mguu.

"Alipokufa, wanaume walikwenda kumzika, mimi nikabaki ndani. Wakamfukia. Ikafika talkini, maiti huitwa kaburini kwa jina la mama yake, unajua. Wakasimama. Hakuna anayelijua. Wakamtuma Abdurahman, enzi hizo hajawa mwalimu, kijana tu, akaja mpaka dirishani. Bi Bimkubwa, mama wa marehemu ni nani? Wanaume wote wamesimama juani, wanangoja neno la mwanamke aliyelala ubavuni mwake. Nikamwambia sijui."

Mafuta yalikuwa yakimtiririka Mwanaima kwenye viganja.

"Asiyejulikana mama yake hupewa Hawa. Hawa aliyetuzaa sote. Hata maiti anayeokotwa ufuoni, hajulikani katoka wapi, husomewa hivyo, mwana wa Hawa. Basi ndivyo alivyozikwa mume wangu. Kama aliyeokotwa." Akafuta mdomo kwa pindo la leso. "Hashim na baba yako walikuwa wadogo. Wakakua wakisikia Hawa, Hawa, wakafikiri nimewapa bibi yao. Siku moja Chirau akaniuliza, mama, huyo bibi Hawa alikuwa mzuri? Ningemwambia nini? Nikamwambia mzuri sana."

"Waambie, bibi. Waambie hujui, yaishe."

"Yaishe?" Mkono mkavu ukamshika Mwanaima kifundo cha mkono. "Miaka yote wameniona nastahi. Leo niwaambie sikuwa nastahi, nilikuwa sijui? Watasema sikuwa mke, nilikuwa kitanda. Hashim mwenyewe atasema." Akaulegeza mkono. "Siku anakufa aliniambia maneno mengi kwa lugha ya kwao. Nami nikawa namwitikia naam, naam. Sijui mpaka leo niliitikia nini."

*

Ijumaa walikuja watatu. Hashim mbele na kanzu ya sala. Thoya nyuma na simu tayari mkononi, viatu miguuni. Na Mwalimu Abdurahman, mzee sasa, akitembea polepole na kitabu kwapani kama mtu anayepelekwa, si anayekwenda. Swabir alikuwa ndani tayari, amekaa ukingoni mwa kiti na kofia yake ya pikipiki magotini.

Mwanaima alikutana nao mlangoni. "Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, ami. Kaka Thoya, karibu. Viatu, tafadhali."

Thoya akamtazama, kisha akainama kuvifungua. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia.

Chetezo kikawekwa katikati ya ukumbi, makaa yakapulizwa. Bi Bimkubwa alikaa wima kitandani, amevaa leso mpya, midomo inamtetema. Mwalimu hakufungua kitabu. Macho yake yalimwendea yule mama mara moja, yakateremka haraka kwenye makaa, na Mwanaima akajua kuwa mzee yule hajasahau dirisha lile.

"Hashim," Mwalimu akasema, "Halbadiri ikishatoka haina kamba ya kuirudishia. Una hakika na moyo wako?"

"Nina hakika kuna anayeficha. Tia ubani."

"Ami," Mwanaima akasema. "Mimi ndiye."

Wakamgeukia. Akaegemea nguzo ya mlango.

"Ndiye nini?"

"Bibi hana tena anachoficha. Ameniambia mimi, jana, nikimpaka mafuta. Kwa hiyo kama ni kusoma, nisomewe mimi."

Swabir akasimama, kofia ikaanguka. Thoya akawasha simu. "Safi kabisa, dada! Taja, naandika. Pole pole, herufi kwa herufi."

"Sisemi."

"Husemi?" Hashim akamjia hatua moja. "Unasema umeambiwa na husemi?"

"Bibi huniita mke mwenza, ami. Tangu nikiwa mdogo, na nyote mkicheka. Basi ndiyo hivyo. Mume wetu simtaji."

"Wewe mtoto, unafanya mzaha mbele ya ubani?"

"Sifanyi mzaha. Isomwe." Alikuwa akiogopa kikweli, maana aliona wazi kuwa kuna kitu anakificha, hata kama si kile wanachokitaka. Akajishika tumbo bila kujua. "Isomwe, Mwalimu."

Mwalimu Abdurahman akamtazama Mwanaima. Kisha akaweka kitabu kwapani tena, akamimina maji kwenye makaa. Mvuke ukapanda, ukachoma macho ya wote.

"Halbadiri haisomewi mke anayemstahi mumewe," akasema. "Kwangu mimi yamekwisha." Alipopita kwenye kitanda cha kamba akainamisha kichwa. "Bi Bimkubwa, tutaonana kwenye khitma, inshallah."

"Inshallah," bibi akajibu, na sauti yake haikutetema.

Hashim alipiga kelele mpaka majirani wakakusanyika uani. Alisema hataingia tena nyumba ile, ataitambua kwa kupita tu njiani. Alisema mbuzi wake wameliwa bure. Alisema Mwanaima atazeekea pale pale akifukuza kuku, na hapo hakukosea sana, naye Mwanaima alilijua. Thoya akavaa viatu vyake mlangoni, akatikisa kichwa.

"Dada, unakielewa unachokitupa?"

"Nakielewa," akasema Mwanaima.

*

Swabir alimfuata mpaka Mbatatani, kwenye mchanga usioota kitu. Alikuwa akipumua kama aliyekimbia.

"Niambie mimi. Hata kama Thoya haambiwi, mimi ni ndugu yako."

"Babu, mama yake aliitwa nani?"

"Hawa! Jambo gani hilo? Hawa."

"Na wa maiti aliyeokotwa ufuoni? Wa Thoya je? Mama yetu sote wa kwanza, kaka, ni nani?"

Swabir alifungua mdomo kumjibu kwa ukali, ukabaki wazi. Alitazama mchanga. Alitazama nyumba, dirisha dogo la chumba cha nyuma. Mwanaima alimwona anavyokwenda mbali na swali lile akilini, anarudi, anakwenda tena.

"Kwa hiyo bibi ha..."

"Usiseme."

Swabir akageuka. Kisha akaenda kwenye pikipiki, akaipiga teke, ikanguruma. Mwanaima akafunga macho. Alijua ikitoka hapo itafika Diani, na kutoka Diani Mungu ndiye ajuaye, na neno lile litakwenda nayo. Injini ilinguruma, ikanguruma. Halafu ikazimwa.

Alipoingia ndani alimkuta Swabir ameketi kwenye mkeka kando ya kitanda cha kamba, kofia magotini. Viatu hakuvivua; alivinyoosha nje ya ukingo, visiukanyage.

"Mke wangu," alikuwa akimwambia bibi, "wanasema hujala tangu juzi."

"Nilikuwa nakungoja wewe, mume wangu," akasema Bi Bimkubwa. "Wewe na huyo mke wetu mdogo, mwenye ulimi."

Mwanaima akaenda jikoni kupakua. Aliushika ungo, akauweka. Akashika sahani, akaiweka. Akasimama katikati ya jiko, miguu inataka kwenda na yeye hajui wapi. Kule ukumbini bibi alikuwa akimuuliza Swabir kama hiyo Ayalandi ina mvua.

"Nyingi, bibi. Wanasema kila siku."

"Ndiyo maana," akasema. "Zetu hazikumtosha."